SOMO: MAFUTA YA GIABOKSI YANAPOPUNGUA PASIPO KUONEKANA



Somo hili lahusu magari madogo ya zamani yenye giaboksi ya otomatiki, yaani yale ambayo dereva wake hakanyagi klachi. Gari la chama ni mali ya wanachama, na kila lita inayopotea hulipwa na wao.

Katika ukaguzi wa chama kimoja nilikuta hati za malipo ya mafuta ya giaboksi, lita moja moja, zikirudiwa karibu kila juma la pili. Mahali lilipolala gari palikuwa pakavu kabisa. Halmashauri ikakata shauri kwamba dereva anayauza. Mjumbe mmoja alinena, "Kikulacho ki nguoni mwako." Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari, ikingoja sahihi ya Mwenyekiti. Nakiri kwamba hata mimi nilikuwa nimekwisha andika hoja ya ukaguzi yenye neno "wizi". Hata hivyo niliomba barua isitiwe sahihi mpaka gari litazamwe na fundi.

Kanuni ya kwanza ni hii: injini huweza kuunguza oili yake kidogo kidogo, lakini giaboksi haiunguzi mafuta. Mafuta yake huzunguka ndani tu. Yakipungua, yametoka. Basi tufuate hatua hizi:

1. Pima sawasawa. Gari lisimame mahali tambarare, giaboksi iwe imepata moto, injini ingurume taratibu, na mkono wa gia uwe mahali kitabu cha gari kinapoagiza, mara nyingi P. Katika magari mengi, apimaye injini ikiwa imezimwa hupata kipimo cha juu kuliko haki. Tena usijaze kupita alama. Yakizidi hufanya povu na kumwagika kwenye tundu la kupumulia, nawe ukadhani sili imekufa.

2. Tambua rangi. Mafuta ya giaboksi hii kwa kawaida ni mekundu. Yakichakaa hugeuka hudhurungi na kunuka kuungua. Lakini angalia: usukani wa haidroliki wa magari mengi hutumia mafuta mekundu vilevile.

3. Safisha kwanza. Giaboksi iliyojaa matope na grisi haionyeshi kitu. Ioshwe, ikauke, gari liendeshwe kidogo, kisha liegeshwe juu ya kadibodi safi. Kwa kuwa upepo huyasukuma mafuta nyuma, tafuta chanzo juu na mbele ya pale yanapodondoka. Asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liwekewe vigingi imara, na magurudumu yazuiwe.

4. Soma mahali. Mafuta yakitoka kwenye kingo za sampu, tazama gasketi. Bolti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, maana nguvu nyingi hupinda ukingo. Yakitoka nyuma, shafti inapoingia, tazama sili ya nyuma. Yakidondoka baada ya gari kulala tu, shuku sili ya mkono wa gia au ya bomba la kijiti cha kupimia, kwani gari likisimama muda mrefu mafuta hurudi katika sampu na kupanda. Yakitoka kati ya injini na giaboksi, huenda ni sili ya mbele. Hapo giaboksi hushushwa, na gharama ni kubwa. Halmashauri isiidhinishe kazi hiyo kabla sehemu nyingine hazijachunguzwa. Maji ya rejeta yakiwa mazito na mekundu kama maziwa yaliyotiwa rangi, mafuta yameingia humo, gari lisiendeshwe.

5. Ikiwa chini ni pakavu. Giaboksi nyingi za zamani, kama vile Turbo-Hydramatic 400 ya General Motors iliyotolewa mwaka 1964, zina kikopo cha bati kilichounganishwa na injini kwa bomba dogo. Mvuto wa hewa wa injini hupita humo kusaidia kupanga wakati wa kubadili gia. Ndani ya kikopo mna kiwambo. Kikipasuka, injini huyavuta mafuta na kuyaunguza pamoja na petroli. Dalili zake ni moshi mweupe na gia zinazobadilika kwa kuchelewa au kwa kishindo. Chomoa mpira wa bomba kwenye kikopo: ukikuta mafuta mekundu ndani, umepata jibu.

Ndivyo ilivyokuwa. Fundi alichomoa mpira mbele ya Halmashauri, na mafuta mekundu yakamtiririkia vidoleni. Kikulacho kilikuwa injini yenyewe. Kikopo kipya kilifungwa, nami nikafuta hoja yangu. Barua ilichanwa, na Mwenyekiti akamwomba dereva radhi katika mkutano wa wanachama, kwa kuwa uvumi ulikuwa umekwisha wafikia.

Kila Katibu aweke daftari la gari lenye tarehe, kilometa, kiasi cha mafuta kilichoongezwa, aina yake, na sahihi ya dereva. Aina iandikwe kwa makini, kwani Dexron na Type F si kitu kimoja. Mafuta yakiongezwa mara ya pili pasipo sababu kujulikana, fundi aitwe. Tutafute tundu kabla ya kumtafuta mwizi.

Maswali ya kujadili:
(a) Je, daftari la gari la chama chenu laonyesha mafuta ya giaboksi mbali na oili ya injini?
(b) Kwa nini sili ya mbele hushughulikiwa mwisho?
(c) Halmashauri ifanye nini kabla ya kumtuhumu mtumishi kwa upotevu?