Gubinge, Tunda la Mwitu la Australia

Mwanafunzi akiulizwa ni tunda gani lenye vitamini C nyingi kupita mengine, mara moja hujibu: chungwa. Jibu hilo si baya, lakini chungwa halimo hata katika safu ya mbele. Pera lalipita chungwa, na ubuyu walipita pia. Na yote hayo yapitwa mbali sana na tunda moja dogo la mwitu liotalo kaskazini ya Australia, liitwalo gubinge. Siku hizi unga wake na vidonge vyake vyauzwa katika nchi nyingi kwa bei kubwa, na maneno mengi husemwa juu yake, mengine ya kweli, mengine ya wauzaji tu. Yafaa basi tuyachambue.

Gubinge ni jina watumialo watu wa rasi ya Dampier, karibu na mji wa Broome. Mahali pengine tunda hili huitwa plamu ya Kakadu, kwa jina la nchi ya Kakadu iliyo mashariki ya mji wa Darwin. Wataalamu wa mimea huuita mti wake Terminalia ferdinandiana, kwa kumkumbuka Ferdinand von Mueller, bwana mmoja aliyechunguza mimea ya Australia katika karne ya 19. Msomaji wa pwani asidhani kwamba mti huu ni mgeni kabisa kwake. Mkungu, ule wenye majani mapana yageukayo mekundu kabla ya kupukutika, ambao watoto hupenda kuvunja kokwa zake ili wale kiini, ni wa ukoo huo huo wa Terminalia. Tena katika nchi ya Kimberley, uotapo mti wa gubinge, kuna na mibuyu! Ni ya namna yake, haina asili nje ya Australia, lakini mtu wetu akiiona hatauliza jina.

Mti wenyewe si mkubwa sana, na hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Maua yake ni madogo, meupe ya maziwa, yamepangana juu ya kijiti kimoja. Tunda lina urefu wa sentimita 2 hivi, lafanana kwa umbo na zeituni, na likiiva rangi yake ni kijani inayoelekea manjano. Ndani mna kokwa moja, kubwa kwa kadiri ya tunda, hata nyama yake ni haba. Ladha ni chachu yenye uchungu kidogo. Mtu aliyezoea embe hatalisifu.

Wenyeji wa asili wa Australia wamelijua tunda hili tangu zamani sana, kabla hajafika mtu yeyote wa Ulaya. Hulila likiwa bichi wanapopita porini. Utomvu wa mti huliwa pia. Na gamba la ndani la mti hutumiwa kutibu vidonda na maradhi ya ngozi. Wala hawakuhitaji maabara ili kujua kwamba tunda hili ni jema. Maabara yalikuja nyuma. Mwaka 1982 wataalamu wa chakula wa Chuo Kikuu cha Sydney walitangaza katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet kwamba wamepima tunda hili na kuona katika gramu 100 za nyama yake zaidi ya miligramu 2,000 za vitamini C. Chungwa lina kama miligramu 50 katika gramu 100, na pera kama 200 au zaidi kidogo. Vipimo vya baadaye vimetofautiana sana, kwa sababu mti na mti si sawa, wala mwaka na mwaka: yako matunda yaliyoonekana na 1,000 hivi, na yako yaliyopita 5,000.

Sasa tuulize: vitamini C yatufaa nini? Bila hiyo mwili hauwezi kutengeneza vema zile nyuzi ziungazo ngozi, fizi, mifupa na mishipa ya damu. Mtu akikaa miezi kadhaa bila kuipata, huchoka, fizi humvimba na kutoka damu, meno hulegea, na vidonda vya zamani hufumuka. Huo ndio ugonjwa wa kiseyeye. Mabaharia waliufahamu sana. Vasco da Gama alipovuka kutoka Bara Hindi kurudi Afrika, safari ya miezi mitatu, watu wake wengi walikufa kwa ugonjwa huo. Na walipofika Malindi, Januari 1499, jambo moja walilolitaka sana kwa ajili ya wagonjwa ni machungwa. Hawakujua kwa nini yanafaa. Mwaka 1747 daktari wa jahazi wa Kiskoti, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili, kila wawili akawapa dawa yao. Wale waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Jaribio lile ni dogo, lakini kila mwanafunzi wa sayansi yampasa kulijua, maana Lind hakuridhika na kusema "nadhani". Vitamini yenyewe ilitambuliwa baadaye sana, na Albert Szent-Györgyi wa Hungaria akapata tuzo ya Nobel mwaka 1937 kwa sehemu yake katika kazi hiyo. Faida nyingine, ambayo ni kubwa kwetu tulao vyakula vya mimea, ni kwamba vitamini C huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage, kunde na mboga za majani.

Hapa ndipo hesabu inapotakiwa. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima yamtosha miligramu 45 kwa siku. Tuseme gubinge letu lina miligramu 2,500 katika gramu 100. Basi gramu 2 tu za nyama yake zitampa miligramu 50, yaani haja ya siku nzima na kisha ibaki. Gramu 2! Hiyo si hata nyama ya tunda zima. Lakini chungwa moja la kadiri lampa mtu haja hiyo hiyo, na robo ya pera pia. Kwa hiyo yule asemaye kwamba unga wa gubinge una nguvu mara 50 kuliko chungwa hasemi uongo, ila asahau kutuambia kwamba mwili hauna ghala ya kuweka nguvu hiyo. Ikizidi haja, figo huitoa pamoja na mkojo. Mnunuzi amelipa fedha nyingi, na sehemu kubwa yake yaishia chooni.

Tena kuzidisha si jambo la mchezo. Madaktari wa Marekani wameweka mpaka wa miligramu 2,000 kwa siku kwa mtu mzima. Zaidi ya hapo wengi huharisha na kuumwa na tumbo. Sehemu ya vitamini C hugeuka mwilini kuwa oksaleti, kitu ambacho kikikutana na kalisi katika figo huweza kufanya vijiwe. Na gubinge lenyewe, watafiti wa Australia wamepima wakaona lina oksaleti nyingi tangu asili yake, kama vile mchicha ulivyo nayo. Mtu mwenye afya akila matunda machache hana la kuogopa. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au aliyekwisha kupata vijiwe, asiguse unga wala vidonge bila kumwuliza daktari. Vivyo hivyo watu wachache ambao miili yao hulimbika madini ya chuma kupita kiasi. Ama maneno ya kwamba tunda hili laponya saratani, yatoka katika majaribio ya chupani, ambako chembe hai huwekwa pamoja na maji ya tunda. Chupa si mwili wa mtu, na mgonjwa asiache dawa za hospitali kwa ajili hiyo.

Jambo jingine wasahaulo watu ni kwamba vitamini C ni kitu dhaifu. Hewa huiharibu, moto huiharibu, maji ya kuchemshia huichukua yakamwagwa, na chombo cha shaba huiharibu upesi zaidi. Ndiyo sababu wachumaji wa Australia huyagandisha matunda kwa baridi mapema baada ya kuyachuma, na unga ulio bora hukaushwa katika baridi kali, si juani. Jamu ya gubinge ni tamu, lakini asitumaini mtu kwamba yote iliyokuwamo katika tunda imo pia katika jamu. Unga huo una kazi nyingine ya ajabu: huko Australia hutumiwa juu ya kamba waliopikwa, ili wakae siku nyingi zaidi bila kuharibika.

Uchumaji wenyewe kwa sehemu kubwa ni kazi ya wenyeji, na katika mahali kama Wadeye, kusini-magharibi ya Darwin, wanawake ndio wanaoongoza kuchuma porini. Kwa hiyo swali la nani afaidi si dogo. Mwaka 2007 kampuni moja ya vipodozi ya Marekani iliomba hataza juu ya matumizi ya maji ya tunda hili kwa ngozi. Wenye nchi waliuliza, na kwa haki: je, kitu walichokijua babu zetu chaweza kuwa uvumbuzi wa mtu wa mbali? Ombi hilo halikuendelea katika Australia. Mwaka 2010 mataifa yalikubaliana mjini Nagoya, Japani, kwamba atumiaye mimea na maarifa ya wenyeji yampasa kupata idhini yao na kugawana nao faida. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko hesabu zote za miligramu, nasi tulio na ubuyu, ambao nao sasa wasafirishwa ng'ambo kwa magunia, tulitazame vema.

Gubinge hatunalo shuleni, lakini jaribio lake laweza kufanyika kwa matunda yetu. Chemsha unga wa muhogo, kijiko kidogo, katika maji mengi upate uji mwepesi sana, uache upoe. Tia matone machache ya aidini, nao utageuka bluu. Gawa maji hayo ya bluu sawasawa katika vikombe vinne vya kioo. Katika cha kwanza dondosha maji ya chungwa lililokamuliwa sasa hivi, tone moja moja huku ukikoroga, na uhesabu mpaka bluu itoweke. Fanya vivyo hivyo kwa maji ya pera, kisha kwa maji ya chungwa yaliyochemshwa robo saa, na mwisho kwa yale yaliyokamuliwa jana yakakaa wazi. Maji yaondoayo bluu kwa matone machache ndiyo yenye vitamini C nyingi. Andika hesabu zako katika daftari kabla ya kuzilinganisha na za mwenzako, na yaliyotiwa aidini yamwagwe, yasionjwe.