Kandambili Moja Haitoshi: Tupige Hesabu ya Ukinzani

Wengi wenu hesabu za ukinzani zinawatoa jasho, hasa saketi inapochanganya mfuatano na sambamba. Leo tuache balbu. Tutumie mwili wako mwenyewe.

Hebu fikiri: unapiga pasi sare ya shule. Uko peku, sakafu imelowa, na waya wa pasi umechubuka. Mkono wako mmoja unaugusa. Umeme unaingia mkononi, unapita kiwiliwili, halafu unagawanyika kwenye miguu miwili kwenda ardhini. Hiyo tayari ni saketi mchanganyiko!

Kanuni zenyewe

Mfuatano: njia ni moja tu, kwa hiyo jumlisha. R = R1 + R2.

Sambamba: njia ni mbili. R = (R1 × R2) ÷ (R1 + R2). Jibu lazima liwe dogo kuliko ukinzani mdogo kati ya hizo mbili. Kama si hivyo, rudia hesabu.

Tuanze

Ngozi ikilowa, ukinzani wake hushuka sana. Basi tuchukue namba za mfano: mkono omu 500, kiwiliwili omu 50, kila mguu omu 500.

Anza na sambamba, yaani miguu: (500 × 500) ÷ 1,000 = omu 250.
Sasa jumlisha: 500 + 50 + 250 = omu 800.
Umeme wa nyumbani ni volti 230. Mkondo = 230 ÷ 800 = ampea 0.29, yaani miliampea 290 hivi.

Je, ni nyingi? Miliampea 10 hivi zinaweza kukaza misuli hadi ushindwe kuachia waya. Zikizidi 50 kwa sekunde moja au zaidi, moyo unaweza kuvurugika na kusimama. Sasa 290 je?

Ukivaa kandambili

Tuseme kila kandambili kavu ya mpira ina omu 100,000. Kila mguu unakuwa na 100,500. Kwa sambamba ni 50,250. Jumla ni omu 50,800, na mkondo ni miliampea 4.5 tu. Utashtuka, lakini mkono utaachia.

Na kandambili moja ikikatika, ukabaki na mguu mmoja peku? (100,500 × 500) ÷ 101,000 = omu 498 hivi. Jumla ni omu 1,048, na mkondo unaruka hadi miliampea 220. Umeona? Kwenye sambamba, njia rahisi ndiyo inayoamua. Ule mpira uliobaki haukusaidii vya kutosha.

Hata hivyo, usitegemee kandambili. Zikilowa au zikitoboka, hesabu inabadilika. Kinga ya kweli ni kuchomoa pasi, kubadilisha waya uliochubuka na kukausha mikono na sakafu.

Mwenzako akinaswa na umeme

Usimshike! Na wewe utakuwa sehemu ya saketi. Zima swichi kuu kwanza. Ukishindwa, simama pakavu na umsukume kwa mti mkavu au plastiki. Kisha ita msaada na umwahishe hospitali, hata kama anasema yuko poa.

Zoezi

Mtu yuko peku kwenye maji, ameshika waya kwa mikono yote miwili. Tafuta ukinzani na mkondo.

(Jibu: 250 + 50 + 250 = omu 550; ampea 0.42 hivi.)