Nyanya ya Mchuzi na Jua la Mchana

Mche wa nyanya hushinda juani tangu asubuhi hadi jioni, na hauwezi kuhamia kivulini. Ndani yake umejitengenezea kinga, na sehemu ya kinga hiyo hufika sahanini.

Miale ya jua ya urujuanimno haionekani kwa macho, lakini hupenya ngozi na kuumiza seli. Mingine hupiga moja kwa moja vinasaba, yaani maelekezo yanayoiongoza seli kukua na kugawanyika. Mingine huzama zaidi na kuzalisha kemikali kali zinazochakaza seli. Maelekezo yakiharibika mara nyingi bila kurekebishwa, saratani ya ngozi huweza kuanza.

Likopeni, inayoipa nyanya wekundu wake, huzipunguza nguvu kemikali hizo. Mwaka 2001 watafiti wa Düsseldorf, Ujerumani, walitoa matokeo ya jaribio lenye maana kwa jiko lolote. Watu walikula kila siku gramu 40 za nyanya nzito ya kopo pamoja na gramu 10 za mafuta ya zeituni. Wiki ya nne tofauti ilikuwa bado haijaonekana. Wiki ya kumi, wekundu wa ngozi baada ya kumulikwa taa maalumu ulikuwa pungufu kwa asilimia 40, ukilinganishwa na wa waliotumia mafuta peke yake. Nyanya iliyopikwa kwa mafuta huachia likopeni kwa wepesi kuliko ya kachumbari, kwa hiyo mchuzi wa kila siku una faida yake.

Si kila mmea hutimiza unachosifiwa. Nchini Uingereza, watu 50 waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa vidonge vya chai ya kijani kwa wiki 12. Matokeo ya mwaka 2015 hayakuonyesha nafuu ya maana dhidi ya kuungua.

Hata nyanya ni msaidizi tu. Losheni ya kukinga jua yenye kipimo cha SPF 30, ikipakwa ya kutosha, huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza. Hakuna mboga inayokaribia hapo. Jambo hili ni zito mno kwa familia yenye mtoto mwenye ualbino, kwani ngozi yake haina rangi ya kutosha kumkinga. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi. Kwa ajili ya watu wenye ualbino, losheni iitwayo Kilisun hutengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, na kugawiwa bure kupitia kliniki. Mtoto huyo anahitaji losheni, kofia pana, mikono mirefu na kivuli saa za mchana. Kumpaka mafuta ya nazi au utomvu wa mshubiri badala yake ni kumwacha wazi. Mshubiri hutuliza ngozi iliyokwisha kuungua, hauzuii miale.

Ndimu ni hatari zaidi. Maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha mtu akatoka juani, ngozi inaweza kutoka malengelenge na kuacha madoa meusi kwa wiki nyingi. Anayekamua ndimu anawe kwa sabuni kabla ya kutoka nje, na anayezitumia kuondoa madoa usoni aache.

Kidonda kisichopona kwa mwezi mzima, hasa usoni, masikioni au shingoni, kipelekwe kituo cha afya bila kwanza kubandikwa majani. Saratani ya ngozi ikikutwa mapema, mara nyingi hukatwa yote na mgonjwa akapona.