Kabla Hujatema Mate Kwenye Kichupa
Mambo ya kufanya na kutofanya kwa mzee mzima wa afya anayetaka kujua hatari yake ya Alzaima

Mzee wa Makole hapa Dodoma, umestaafu, unatembea bila fimbo na bado unakumbuka bei ya debe la mahindi ya mwaka ule wa njaa. Mwanao aliyeko Marekani amekuletea kiboksi chenye kichupa. Unatema mate, kinarudishwa kilikotoka, kisha unaambiwa kama una kinasaba kinachoongeza hatari ya Alzaima, ule ugonjwa unaokula kumbukumbu. Zawadi hii si kama fulana, kwamba isipokutosha utampa jirani. Ukishajua, umejua. Basi soma orodha hii kwanza, halafu uifuate.

KABLA YA KUPIMA

1. Fanya: Tenganisha hatari na ugonjwa.
Jeni inayotafutwa kwenye mate inaitwa APOE. Aina zake za kawaida ni tatu: ya pili, ya tatu na ya nne. Kila binadamu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Aina ya nne ndiyo iliyohusishwa na Alzaima mwaka 1993. Inaongeza uwezekano, haitoi hukumu. Wapo wenye nakala mbili za aina hiyo waliozikwa na akili zao timamu, na wapo wagonjwa wasio nayo hata moja. Kama huwezi kumweleza mjukuu wako jambo hili kwa maneno yako mwenyewe, usipime.

2. Fanya: Uliza hesabu ilipigwa kwa watu gani.
Sehemu kubwa ya hesabu za hatari imetokana na watu wenye asili ya Ulaya. Watafiti waliwafuatilia Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, wakawalinganisha na Wamarekani Weusi wa Indianapolis. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba wagonjwa wapya wa Ibadan hawakufika hata nusu ya wale wa Indianapolis. Tafiti za Wayoruba hao zilikuta pia kwamba aina ya nne, ambayo kwa Wayoruba si adimu, haikuwa na nguvu iliyotarajiwa. Hapa kwetu tunao utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013. Wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa, na baada ya kusawazisha umri, asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kwa hiyo ugonjwa upo. Lakini namba itakayokuja na majibu yako ni koti lililoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine.

3. Usifanye: Usipime ili kumridhisha mtoto.
Majibu yako ni yake pia. Ukikutwa na nakala mbili za aina ya nne, kila mtoto uliyemzaa amechukua moja, atake asitake. Waulize wote kwanza kama wanataka kujua. Nawe usione haya kukataa. James Watson, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, aliposomewa vinasaba vyake vyote mwaka 2007 aliomba sehemu hii moja ifichwe hata kwake mwenyewe. Mtu yule hakukosa elimu.

4. Usifanye: Usitume mate bila kujua yanalala wapi.
Kampuni ya 23andMe iliruhusiwa mwaka 2017 kuwauzia Wamarekani majibu ya aina hii moja kwa moja, bila daktari. Mwaka 2023 wezi wa mtandaoni walichota taarifa za wateja wake wapatao milioni 6.9. Machi 2025 kampuni hiyo ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009 na ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, lakini mate yakishavuka bahari usitegemee sheria hizo ziyafuate.

5. Fanya: Dai ushauri nasaha.
Tulijifunza kwenye Ukimwi: mtu hapewi majibu mlangoni. Anakaa, anaulizwa atafanya nini yakiwa hivi na atafanya nini yakiwa vile. Na kule kuna dawa ya kumeza jioni hiyohiyo. Huku hakuna kidonge kilichothibitika kumkinga mzee mzima wa afya. Majibu yanayokuja kwa barua pepe, huku umekaa peke yako saa tano usiku, yasikubalike nyumbani kwako.

6. Usifanye: Usikimbilie kipimo cha damu ulichosikia redioni.
Kile kilichoidhinishwa Marekani mwezi Mei 2025 ni cha watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili. Wewe huna dalili. Kaa.

SIKU YA MAJIBU

7. Fanya: Nenda na mtu mmoja.
Mmoja, si ukoo. Awe anayelala nyumba moja nawe na anayejua kunyamaza.

8. Usifanye: Usiyapeleke majibu kwenye kundi la WhatsApp la familia.
Kundi lina shangazi, shangazi ana jirani, na jirani ana ulimi. Nchi hii imeshaua vikongwe kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Bibi aliyepotea njia usiku akakutwa alfajiri mlangoni kwa watu hasemwi kwamba ni mgonjwa. Husemwa ameanguka na ungo. Ukiutangazia mtaa leo kwamba kesho huenda ukapotea, unawapa watu maneno ya kukusubiria.

BAADA YA MAJIBU

9. Usifanye: Usianze kujipeleleza.
Hili ndilo kubwa kuliko yote. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 uliwachukua wazee wazima wa afya. Wenye aina ya nne waliokuwa wanajua kwamba wanayo waliiona kumbukumbu yao kuwa mbovu zaidi, na hata kwenye jaribio la kumbukumbu walifanya vibaya kuliko wenzao wenye jeni hiyohiyo wasiojua. Jeni moja, umri wa kulingana. Kilichozidi ni habari. Umesahau miwani kichwani? Uliisahau hata ulipokuwa na miaka 30. Ukianza kuhesabu kila jina lililokuponyoka, utayapata mengi, maana ndiyo unayoyatafuta.

10. Usifanye: Usijione umekwisha.
Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa 2009, uliwapa majibu watoto wa wagonjwa wa Alzaima. Mwaka ulipopita, walioambiwa hawakuwa na wasiwasi wala huzuni kuliko wasioambiwa. Ila kumbuka kwamba wale waliandaliwa kwa ushauri nasaha, hawakutumiwa kiboksi.

11. Usifanye: Usishangilie majibu mazuri.
Kukosa aina ya nne si chanjo. Ukiendelea kuacha vidonge vya presha na kujimiminia mvinyo wa Dodoma kila jioni kwa sababu “mate yamesema niko salama”, umelipia ujinga kwa dola.

12. Fanya: Pima vinavyotibika.
Tume ya jarida la Lancet ilitaja mwaka 2024 mambo 14 ambayo yangedhibitiwa, karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangekingwa au wangecheleweshewa ugonjwa. Miongoni mwake ni presha, kisukari, sigara, pombe kupita kiasi, uziwi, kutoona vizuri, sonona, upweke, hewa chafu na kukaa kitako mchana kutwa. Presha unapimwa hapo Kituo cha Afya Makole. Nenda kwa miguu. Hapo umeshayashughulikia mawili.

13. Fanya: Andika wosia sasa, majibu yawe yoyote.
Kiwanja kisicho na maandishi huzaa ugomvi hata kwa marehemu aliyekuwa na kumbukumbu kali.

14. Usifanye: Usitumie jina la Mirembe kama tusi.
Hospitali ile ya magonjwa ya akili imekuwapo mjini hapa tangu 1927. Siku kumbukumbu itakapoyumba kweli, madaktari wa namna hiyo ndio utakaowahitaji, nao wanajua kwamba kusahau kwingine huletwa na sonona, upungufu wa vitamini B12, maambukizi au dawa unazotumia, na hutibika. Aliyezoea kulicheka jina hilo huchelewa mlangoni.

15. Fanya, nanyi watoto: Mwacheni mzee na kazi zake.
Msimnyang'anye kadi ya benki kwa sababu ya karatasi. Mwenye hatari bado ni baba yenu mwenye akili zake. Mpeni hesabu za shamba, mumuulize majina ya mababu, mbishane naye kuhusu mpira.

16. Fanya, kama hujapima: Rudisha zawadi kwa adabu.
Mpigie mwanao umwambie: “Nimeshukuru, mwanangu. Mate nimeyameza. Ukija Desemba niletee mashine ya kusikilizia, mama yako ananiita mara tatu ndipo ninaitika.”