Viungo vya Valvu za Mafuta katika Trekta Ndogo za Zamani, na Namna ya Kuvitengeneza

Katika nchi ya Ufipa wakati wa kulima haumngojei mtu. Mvua huanza mwezi wa Novemba, na aliyechelewa kupanda mahindi huona tofauti yake wakati wa kuvuna. Nilimwona mkulima mmoja upande wa Laela ambaye trekta yake ndogo ya zamani ilivuja mafuta katika kiungo kimoja cha valvu. Yalikuwa matone tu. Akakaza kwa spana, yasikome. Akanunua kiungo kingine kwa wauza mabomba ya maji, akakizungushia utepe mweupe, akakaza kwa spana iliyotiwa kipande cha bomba ili kuongeza nguvu. Mwili wa valvu ukapasuka. Kiungo kile kilikuwa kitu cha bei ndogo. Lakini valvu ya trekta ile haikupatikana Sumbawanga wala Mbeya, na plau ikalala chini mvua zikinyesha. Mimi ni karani, si fundi; ila tangu siku ile nimekaa na mafundi na kusoma vitabu vya mashini hizi, nami nataka kueleza kosa lile lilikuwa wapi.

Kwanza yafaa kufahamu nguvu iliyomo. Pampu husukuma mafuta, valvu huyaelekeza, na mafuta huinua jembe au tela. Huo ndio mpango uitwao haidroliki. Msukumo wake waweza kupita ratili 2,000 juu ya kila inchi mraba, hali gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa ratili 30 hivi. Basi kiungo cha bomba la maji hakikufanywa kwa kazi hiyo, hata kikiingia vizuri.

Kabla ya kugusa spana, teremsha jembe mpaka likae juu ya ardhi, zima injini, kisha sukuma mkono wa valvu mbele na nyuma mara kadha ili msukumo uliobaki utoke. Osha mahali pa kazi kwa brashi na mafuta ya taa, ukaushe. Mdomo uliofunguliwa uzibwe kwa kizibo safi. Twaona watu wakiziba kwa gunzi la mahindi, maana hapa magunzi hayakosekani. Lakini makapi yake huingia ndani, na kapi moja latosha kuizuia valvu isirudi mahali pake.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mafundi huviita viungo hivi fitingi, navyo havizuii mafuta kwa njia moja. Kipo ambacho hesi yake huchongoka kidogo kidogo kama kabari, na meno yenyewe ndiyo yazibayo. Kipo ambacho hesi yake imenyooka: meno hushika tu, na kinachoziba ni oringi ya mpira au washa. Na kipo ambacho huziba kwa ncha yenye umbo la pia inayokaa katika kikao chake, chuma juu ya chuma. Utepe mweupe ni wa kile cha kwanza peke yake, tena uanze jino la pili ili vipande visiingie ndani ya mafuta. Kuutia katika vile vingine viwili hakuzibi kitu. Ukiona utepe mwingi katika trekta ya zamani, ujue kwamba mtu aliyetangulia hakujua alichokishika.

Yule mkulima alitia kiungo kilichochongoka katika tundu lililonyooka. Kila alipokaza alikuwa akipigilia kabari, na valvu nyingi ni za chuma cha kusubu, ambacho hakipindi, hupasuka.

Kuna udanganyifu mwingine, nao umewashinda hata mafundi wazuri. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alitoa kipimo cha hesi chenye pembe ya digrii 55. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers akatoa chake, cha digrii 60. Hesi za mabomba za nchi hizo mbili hufuata pembe hizo hata leo, na mashini nyingine zina hesi za milimita. Sasa tazama: kiungo cha robo inchi cha Kiingereza kina meno 19 katika inchi moja, cha Kimarekani 18, hivyo hukwama upesi, na mtu hutambua. Lakini cha nusu inchi kina meno 14 pande zote mbili! Huingia, huzunguka, hukazika, kisha huvuja, kwa kuwa pembe za meno hazikutani. Nchi yetu iliyaona mapema matatizo ya kuchanganya mashini: mpango wa karanga ulipoanza Kongwa mwaka 1947, matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, mengine yametoka hata Ufilipino, na vipuri vikawa taabu kubwa mpaka mpango ulipoachwa mwaka 1951.

Dawa ni kupima. Chukua kiungo cha zamani uende nacho dukani, usiende na maneno tu. Lalisha meno yake juu ya meno ya kile kipya, uvielekeze kwenye mwanga: pakionekana mwanga katikati, si ndugu. Kinachofaa huingia kwa vidole mizunguko kadha kabla ya spana. Na wakati wa kukaza tumia spana mbili, moja ya kushika upande wa valvu usizunguke. Kilichochongoka, baada ya nguvu ya vidole, hutosheka kwa mzunguko mmoja au miwili.

Oringi isikatwe katika mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira ule huvimba ndani ya mafuta, hulainika, na vipande vyake husafiri mpaka ndani ya valvu. Oringi ya haidroliki ni ya mpira wa naitraili, usiodhuriwa na mafuta. Wala usiongeze mafuta ya breki yale ya haidroliki yakipungua, kwani huziharibu oringi zote kwa pamoja. Washa ya shaba nyekundu yaweza kutumika tena. Wahunzi wa Ufipa, ambao wazee wao waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, wajua kwamba chuma cha pua kikitoka motoni chekundu na kutiwa majini huwa kigumu. Shaba ni kinyume chake, hulainika, na ikiwa laini hukaa vizuri na kuziba.

Usitafute kamwe mvujo kwa mkono injini ikiwaka. Mafuta yakitoka katika tundu jembamba kama sindano hupenya ngozi. Jeraha laonekana kama alama ya mwiba, na mara ya kwanza haliumi sana, hata mtu huendelea na kazi. Kisha mkono huvimba na nyama hufa ndani. Mtu huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta ya haidroliki, maana yapasa kupasuliwa na kusafishwa, si kufungwa bandeji tu. Akingoja mpaka kesho huenda akapoteza kidole au mkono. Mvujo hutafutwa kwa kipande cha boksi kilichofungwa kwenye fimbo ndefu, na macho yakingwe kwa miwani.

Kazi ikiisha, jaza mafuta mpaka alama yake, inua na kuteremsha mara kadha ili hewa itoke. Kisha inua jembe, zima injini, tia alama ya chaki mkononi mwa kuinulia, usiache mtu apite chini yake, ukarudi baada ya robo saa. Jembe likiwa limeshuka na nje ni pakavu, mafuta yavuja ndani, katika valvu yenyewe au katika pistoni, na hapo kukaza viungo vya nje hakutasaidia lolote.