KINGA NAYO INATAKA KINGA



Somo letu la leo ni juu ya baiskeli, ile ambayo huku kwetu Katanga tunaiita kinga. Katika Kiswahili cha vitabu neno hilo hilo maana yake ni kujilinda na hatari kabla haijafika. Maana hizi mbili zinafaa kutembea pamoja. Kinga nayo inataka kinga.

Wengi wetu tunaijua kinga kama chombo cha kazi. Inampeleka baba kazini, inaleta mifuko ya makala toka porini, inampeleka mtoto mgonjwa kwa dispansari. Lakini kuna watu ulimwenguni wanaopanda baiskeli mlimani kwa furaha tu, katikati ya mawe, mizizi na matope. Tena wengine wanafanya hivyo na baiskeli ya gurudumu moja! Usicheke bado. Watu hao wameanguka mara nyingi, na katika kuanguka kwao wamejifunza mambo yanayomfaa kila mtu anayeshuka mtelemko akiwa na mzigo nyuma.

MCHEZO HUU ULIANZA NAMNA GANI

Kule California, Marekani, kaskazini ya mji wa San Francisco, kuna mlima unaoitwa Tamalpais. Katika miaka ya 1970, vijana wa pale walitafuta baiskeli kuukuu zilizotengenezwa katika miaka ya 1930 na 1940. Zilikuwa nzito, zenye mipira minene, na bei yake ilikuwa ndogo. Walizipandisha juu ya mlima, halafu walishuka nazo kwa mbio katika njia za udongo.

Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya shindano lao la kwanza. Njia yake ina zaidi kidogo ya kilomita 3, na inashuka karibu mita 400. Gary Fisher aliishuka mara moja kwa dakika 4 na sekunde 22. Hesabu mwenyewe: ni zaidi ya kilomita 40 kwa saa, juu ya changarawe, katika kona nyingi.

Njia hiyo wakaiita Repack, maana yake "kujaza tena". Kwa nini? Baiskeli hizo za zamani zilikuwa na breki (au freni) ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Mtu anasimamisha baiskeli kwa kukanyaga pedali kwa kurudi nyuma. Mwisho wa mtelemko kitovu kilikuwa na moto mkali, na mafuta mazito yaliyokuwa ndani yaliungua na kutoa moshi. Baada ya kushuka, ilikuwa lazima kufungua kitovu na kujaza mafuta mapya.

Moto ule ulitoka wapi? Mtu na baiskeli yake, kilo 90 pamoja, wakishuka mita 400, nguvu yote ya mshuko ni lazima ipotee mahali fulani kabla hawajasimama. Sehemu moja inapotea katika upepo na udongo, nyingine inaingia katika breki na kuwa moto. Kama yote ingekuwa moto, ingetosha kuchemsha lita moja ya maji. Basi fikiri juu ya mtu wa makala mwenye mifuko miwili mikubwa. Yeye na kinga na mzigo wanaweza kufika kilo 200. Katika mshuko ule ule, breki zake zina kazi mara mbili na zaidi. Na mara nyingi breki zenyewe ni vipande viwili vya mpira vilivyokwisha, ao hakuna kabisa, na mtu anasimamisha gurudumu kwa kandambili yake.

Wale vijana wa California hawakuacha mchezo. Walitengeneza chombo. Mwaka wa 1977 Joe Breeze alitengeneza baiskeli mpya kwa ajili ya mlima, yenye chuma imara na breki za mkono, mbele na nyuma. Mwaka wa 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianza kuuza baiskeli za namna hiyo. Mwaka wa 1996, miaka 20 baada ya shindano lile la kwanza, mchezo huu uliingia katika Michezo ya Olimpiki kule Atlanta.

GURUDUMU MOJA TU

Sasa tuseme juu ya wale wa gurudumu moja. Chombo chao ni gurudumu, kiti na pedali mbili. Kwa kawaida hakuna mnyororo. Pedali zimefungwa katika kitovu chenyewe. Miguu ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara moja. Miguu ikisimama, gurudumu linasimama. Hakuna kuteleza bure kwa kupumzika. Katika kushuka, mtu anazuia pedali kwa nguvu ya mapaja, ingawa wengine siku hizi wana breki ndogo chini ya kiti.

Gurudumu la kawaida la mlimani linakwenda karibu mita 2 kwa kila mzunguko. Mizunguko 60 kwa dakika ni kilomita 7 na kitu kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea mbio. Ndiyo sababu mchezo huu unaonekana kuwa na hatari kuliko ulivyo. Hakuna usukani mbele ya kifua, na mwendo ni mdogo, kwa hiyo mara nyingi mtu akishindwa anaacha chombo kianguke na yeye anasimama kwa miguu yake. Lakini visigino, magoti na mikono huumia vilevile.

Kule Seward, katika Alaska, George Peck alikuwa akipanda njia za mawe na pwani namna hii katika miaka ya 1980. Kule Kanada kuna Kris Holm, ambaye alianza akiwa mtoto wa miaka 12. Huyu amepeleka gurudumu lake moja hadi Pico de Orizaba, mlima wa Mexico wenye mita 5,636. Lakini tazama kazi yake ya kila siku: ni mtu wa elimu ya miamba, na anapima hatari ya ardhi inayoporomoka. Ninyi mnaofanya kazi mgodini mtamwelewa vizuri. Mtu anayejua udongo unavyoanguka, anautazama kwanza, halafu anaweka mguu.

MASOMO SITA YA MTELEMKO

Jambo kubwa ambalo wapanda milima wanatufundisha ni hili: mtelemko unashindwa kabla ya kuuanza. Ukiwa katikati, ukakuta breki haishiki, umechelewa. Shika masomo haya sita.

1. Pima breki kila siku, kabla ya kutoka nyumbani. Kamata breki ya mbele kwa nguvu na usukume kinga. Gurudumu lisizunguke. Fanya vilevile na ya nyuma. Tazama vipande vya mpira: kama chuma kimeanza kugusa gurudumu, usipande. Siku ya mvua, breki zinazobana ukingo wa gurudumu zinashika kidogo sana. Anza kuzikamata mapema.

2. Punguza mwendo kabla ya kona. Kamata breki kinga ikiwa imenyooka, halafu uiachilie izunguke kona. Ukikamata kwa nguvu ndani ya kona yenye changarawe, gurudumu linateleza na wewe unalala chini. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ikamate polepole, huku ukirudisha mwili nyuma ya kiti. Ukiikamata kwa ghafula, utaruka juu ya usukani.

3. Tazama mbali. Mwanafunzi anatazama gurudumu lake. Fundi anatazama njia mita 10 na zaidi mbele. Kinga inafuata macho. Ukikaza macho kwa jiwe, utaligonga. Tazama nafasi iliyo kando ya jiwe.

4. Usikae kama gunia. Penye mashimo, inuka kidogo juu ya kiti, pedali mbili ziwe sawa, magoti na viwiko vikunjwe. Hapo mwili wako unakuwa springi, na mgongo hauchukui kila pigo. Mwenye mzigo mzito nyuma hawezi kufanya hivi vizuri. Kwa hiyo yeye aende polepole zaidi kuliko wote.

5. Jua mwendo ni nini. Kuligonga jiti ukiwa na mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni sawa na kuanguka toka mita 1 na nusu. Kwa kilomita 40, ni sawa na kuanguka toka zaidi ya mita 6. Mwendo umeongezeka mara mbili, lakini pigo limeongezeka mara nne. Hakuna mtu wa akili anayeruka toka ngazi ya mita 6.

6. Shuka, utembee. Kule mlimani hata mashujaa wanaitazama njia kwa miguu kabla ya kuipita, na penye kuwashinda wanasukuma chombo chao. Hakuna anayewacheka. Huku kwetu kijana anaona haya kusukuma kinga mbele ya wenzake. Ndugu, haya ya dakika mbili haimwachi mama mjane.

KASKE YA KAZI SI KASKE YA KINGA

Wengine wanasema: "Nina kaske ya mgodi, inatosha." Haitoshi. Kaske ya mgodi imetengenezwa kwa vitu vinavyoanguka toka juu. Ukianguka kwa ubavu au kwa uso, pengine inatoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini. Kaske ya baiskeli inafungwa chini ya kidevu, na ndani yake mna povu gumu linalobondeka ili kichwa kisibondeke. Ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa kwa watu wengi ilitoka Marekani mwaka wa 1975. Ikiisha kupigwa mara moja kwa nguvu, itupwe, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

KWA WAZAZI

Watoto wanapenda kushuka vilima kwa kinga, na si vibaya. Mtoto anayecheza hivyo anajifunza kusimama sawa, anapata mapafu na miguu yenye nguvu. Usimkataze furaha, mchagulie mahali. Malundo ya udongo wa mgodi si mahali pa mchezo: udongo wake haujashikamana, unaweza kuporomoka na kumfunika mtoto. Njia ya malori pia si mahali. Katika vumbi dereva hamwoni mtoto. Tafuta kilima kidogo chenye majani, mbali na magari. Aanze chini, siyo juu. Akiweza kusimama vizuri toka mita 5, apande hadi 10. Na kwanza kabisa afundishwe kusimama, halafu ndipo afundishwe mbio.

Na wewe baba unayetoka zamu ya usiku: usingizi ni mzigo kama makala. Kama macho yanafunga, sukuma kinga hadi uone mahali pa kupumzika.

AKIANGUKA MTU

Osha kidonda kwa maji safi mengi na sabuni, toa mchanga wote, funika kwa kitambaa safi. Usitie udongo wala mafuta ya gari. Uliza dispansari juu ya sindano ya pepopunda, kwa sababu ugonjwa huo unaingia kwa njia ya kidonda chenye uchafu, na unaua. Kama mtu amepigwa kichwani, mwangalie siku nzima na usiku. Akitapika, akilala na kushindwa kuamka vizuri, akisema maneno yasiyoeleweka, ao damu ikitoka masikioni, mpeleke hospitali mara moja. Kama analia shingo ao mgongo, usimwinue ovyo. Mwache alale sawa, umzuie asigeuze kichwa, uite wenye kujua.

MAULIZO YA KUJIBU NYUMBANI

1. Kwa nini mafuta yaliungua ndani ya kitovu katika njia ya Repack?
2. Breki inakamatwa wapi: kabla ya kona, ao ndani ya kona?
3. Mwendo ukiongezeka mara mbili, pigo linaongezeka mara ngapi?
4. Kwa nini kaske ya mgodi haimtoshi mpanda kinga?
5. Je, breki za kinga iliyo nje ya nyumba yako zinashika?

Ulizo la tano halijibiwi kwa mdomo. Ondoka sasa hivi, ukaitazame.