Jeni za Uzee: Kazi Yake Mwilini, na Kwa Nini Hakuna Kidonge cha Ujana

Dereva wa lori anayesubiri kuvuka mpaka Malaba au Busia anaweza kukaa kwenye kiti siku nzima, ale chipsi na soda usiku, kisha alale. Mfanyabiashara wa sokoni naye hukaa kibandani kuanzia alfajiri. Maisha ya namna hii hugusa hata jeni ziitwazo sirtuini, zinazohusishwa na uzee, kisukari na magonjwa ya moyo.

Binadamu ana jeni saba za aina hii, SIRT1 hadi SIRT7. Kila moja hutengeneza protini yenye kazi yake. SIRT1 husaidia ini na misuli kutumia sukari na mafuta. SIRT3 hulinda sehemu za seli zinazozalisha nguvu. SIRT6 husaidia kurekebisha DNA iliyoharibika.

Protini hizi hazifanyi kazi bila kemikali iitwayo NAD. Mwili huweza kuitengeneza kutokana na vitamini B3, inayopatikana katika samaki na karanga. Kadiri umri unavyosonga, NAD hupungua. Mazoezi na kula kwa kiasi huchangamsha sirtuini.

Mwaka 1999, watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba hamira iliyoongezewa jeni ya SIR2, ambayo ni ya ukoo mmoja na sirtuini za binadamu, iliishi muda mrefu zaidi. Matumaini yakapanda. Lakini mwaka 2011, majaribio ya minyoo na nzi yaliporudiwa kwa makini, maisha marefu yaliyodhaniwa kuletwa na jeni hiyo hayakuonekana. Hadi leo hakuna kidonge kilichothibitishwa kurefusha maisha ya binadamu kupitia sirtuini. Anayeuza "dawa ya ujana", upande wowote wa mpaka, anauza ahadi tupu.

Wakazi wanahimizwa:

- Kutembea kwa kasi angalau dakika 150 kwa wiki. Dereva anaweza kuzunguka maegesho akisubiri foleni.
- Kupunguza soda na vyakula vya kukaangwa, na kula zaidi mboga za kienyeji, kunde, samaki na ugali wa wimbi au mtama.
- Kupima sukari na presha hata kama hawaumwi. Wahamasishaji wa afya ya jamii, walioanza kupewa vifaa Septemba 2023, hupima nyumbani.
- Kutoacha dawa za kisukari au presha bila ushauri wa daktari.